Hapsikodi Katikati ya Magitaa Mazito: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Anayechanganya vinanda vya enzi ya baroki, hasa hapsikodi (kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa), na metali ya viwandani (muziki wa magitaa mazito na mashine) kwenye kompyuta hukutana na matatizo yaleyale, na mara nyingi huyatafutia dawa mahali pasipo na ugonjwa. Hufungua ikwalaiza (kifaa cha kuongeza au kupunguza masafa), hupandisha feda, hutafuta plagini nyingine, ilhali kasoro iko kwenye noti alizoandika au kwenye kazi alizogawia vyombo. Kwa hiyo kwa kila dalili hapa chini, anza na noti, nenda kwenye chombo chenyewe na sampuli zake, kisha ndiyo ushike ikwalaiza.

Nitatumia mfano mmoja ili tuelewane. Spidi ni mapigo 140 kwa dakika. Gitaa limeshushwa hadi uzi wake mzito kabisa unatoa C ya Hz 65.4. Rifu (kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa) iko F maina na inashuka hatua nne: F, E♭, D♭, C. Waliokulia kwaya wataisoma la, so, fa, mi. Watunzi wa karne ya 17 waliujengea mshuko huu nyimbo za maombolezo, na mpiga gitaa wa leo anaupiga wote kwenye uzi mmoja: freti ya 5, ya 3, ya 1, kisha uzi mtupu.

Hapsikodi inasikika kama mlio wa simu ya zamani

Hii huwapata karibu wote wanaoanza, na chanzo chake ni kuipiga hapsikodi kama piano. Ukibonyeza kitufe cha hapsikodi, kijiti cha mbao huinuka na kincha cha unyoya kilichochomekwa ubavuni mwake hudonoa uzi. Zamani ulikuwa unyoya wa ndege, siku hizi mara nyingi ni plastiki. Bonyeza kwa hasira au kwa upole, uzi utadonolewa kwa nguvu karibu ileile. Namba za MIDI (lugha ambayo kompyuta hutunzia noti) za nguvu ya kidole, 1 hadi 127, hazina kazi kubwa hapa. Ukiziacha zipande na kushuka ovyo, baadhi ya sampuli zitabadili ukubwa wa sauti kwa namna ambayo chombo halisi hakiwezi, na sikio litahisi kuna uongo hata kama halijui uko wapi.

Zifunge zote kwenye namba moja, tuseme 95, kisha hamia kwenye urefu wa noti, maana huko ndiko mpiga hapsikodi anakoweka msisitizo. Kwa spidi yetu, noti ya moja ya kumi na sita huchukua milisekunde 107. Noti ya kawaida ipe 75 hivi, pabaki ukimya mdogo kabla ya inayofuata. Noti unayotaka isikike nzito, itangulizie ukimya mrefu zaidi: fupisha iliyoitangulia hadi 50, na hiyo nzito uiache idumu. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, usizipige kwa mkupuo. Zifungue kutoka chini kwenda juu ndani ya milisekunde 40 hadi 60. Na pale kodi inapovunjwa noti mojamoja, usikate kila noti inapoingia nyingine. Acha vidole vibaki chini mpaka kodi ibadilike. Badiliko hili peke yake hukijaza chombo kuliko plagini yoyote.

Sababu nyingine ni sauti ya kuachia. Kitufe kikirudi juu, kijiti hushuka, unyoya hugusa uzi tena kidogo na kitambaa huuzima. Sampuli nzuri hurekodi vishindo hivi kando, na aliyevizima ili kupunguza mzigo wa kompyuta amekiondolea chombo mwili wake. Viwashe. Lakini ukiviwasha huku kompresa (kifaa kinachosawazisha ukubwa wa sauti) inabana sana, vitainuka hadi vishindane na noti zenyewe, kama vile kuna panya ndani ya kinanda. Hapsikodi karibu kamwe haihitaji kompresa, kwa sababu tayari noti zake zinalingana kwa ukubwa.

Ukitaka ipaze sauti, ongeza noti. Domenico Scarlatti, aliyezaliwa Naples mwaka 1685 na kufia Madrid mwaka 1757, alikuwa akijaza kodi za mkono wa kushoto kwa noti jirani zisizopatana, makusudi kabisa, hadi kodi ikawa nusu muziki nusu kishindo. Mtu wa metali ya viwandani ana sababu ya kukaa na sonata hizo kwa muda mrefu.

Magitaa yakiingia, hapsikodi inatoweka

Tazama mkono wa kushoto kwanza. Hapsikodi kubwa za karne ya 18 hushuka hadi F ya Hz 43.7, na zile noti za chini zinazopendeza zikiwa peke yake zinaangukia palepale magitaa na besi vilipo. Kila mahali magitaa yanapopiga, futa noti za hapsikodi zilizo chini ya C ya kati, au zipandishe oktava. Kisha ongeza rejista ya futi 4, seti nyingine ya nyuzi ambayo hulia oktava moja juu ya ile ya kawaida ya futi 8. Wapigaji wa zamani waliifungua kwa sababu hiyohiyo: kutoboa.

Baada ya hapo ndipo masafa yanapokuwa na maana, na habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Spika ya gitaa hupunguza sauti kwa kasi kuanzia kilohezi 5 hivi. Magitaa mazito yanasikika yamejaa kila pembe, ilhali juu ya hapo hakuna kitu cha maana isipokuwa kelele kavu ambayo unaweza kuikata kwenye kilohezi 6 au 7 bila rifu kupungukiwa. Mdonoo wa hapsikodi una uhai mwingi huko juu. Anayeishindania nafasi ni matuazi. Prodyuza hukata magitaa, hukata tena, na hapsikodi haitokei, kwa kuwa kinachoifunika ni tuazi linalopigwa kila pigo bila kupumzika.

Liondoe. Kundi la Godflesh la Birmingham lilianza mwaka 1988 likitumia mashine ya ngoma mahali pa mpiga ngoma, na metali ya viwandani imebaki na uhuru huo: hakuna mkono wa mtu unaolazimika kushika muda kwenye tuazi. Weka bati, bomba au mlango wa chuma, sauti fupi na nzito, na sehemu ya juu yote iachie hapsikodi.

Angalia pia upana. Sampuli nyingi zimetandazwa kama anavyosikia mpigaji, noti za chini kushoto na za juu kulia. Magitaa mawili yakiwa yamebanwa pembeni, nusu ya kinanda inazama chini ya gitaa la kushoto. Ipunguze sterio ya hapsikodi iwe nyembamba na iweke katikati.

Kodi zinageuka tope mara tu distoshoni inapowashwa

Hapa ndipo mitindo hii miwili inapogombana kweli, na ukipaelewa, nusu ya matatizo mengine yanakwisha.

Distoshoni (kifaa kinachoikwaruza sauti) ikipokea noti mbili pamoja, haiikwaruzi kila moja kivyake. Inazalisha noti za ziada ambazo hukuziandika, na zinazosumbua zaidi ni zile zinazotokana na tofauti ya masafa ya noti hizo mbili. Chukua C ya Hz 130.8 na G iliyo juu yake, Hz 196.0. Tofauti ni Hz 65.2, na C ya chini ni Hz 65.4. Noti ya ziada imeangukia karibu kabisa na mzizi wa kodi, oktava moja chini, ndiyo maana noti mbili za namna hii husikika nene na safi kwenye amplifaya iliyopamba moto.

Sasa badala ya G weka E, Hz 164.8. Tofauti ni Hz 34.0, wakati C ya oktava mbili chini ni Hz 32.7. Kupishana huko ni zaidi ya nusu ya nusu-toni. Umezalisha besi ambayo haijatyuniwa, nayo inanguruma chini ya kila kodi yenye tatu ya meja (umbali kama huu wa C hadi E) ndani yake. Hakuna ikwalaiza inayoliondoa hilo, kwa sababu kosa limo ndani ya sauti yenyewe.

Muziki wa baroki ulikuwa na mgawanyo wa kazi unaofaa hapa. Kwenye kundi la wakati ule, selo au chombo kingine cha chini kilipiga mstari wa besi, na mpiga hapsikodi akajaza kodi juu yake kwa kufuata namba zilizoandikwa chini ya noti. Gitaa zito likae kwenye kiti cha selo. Lipewe mzizi, au mzizi na wa tano wake, basi. Zile noti zinazoamua kama kodi ni meja au maina zibaki kwa kinanda. Kwenye mfano wetu, mshuko ukifika C, gitaa linapiga C na G tu, na hapsikodi ndiyo inayoleta ile E♮ inayoirudisha F. Noti hiyo ikitoka kwenye kinanda safi inachoma moyo. Ikipita kwenye distoshoni pamoja na C, inaharibika.

Mtu aliyesoma kaunta-pointi (kanuni za kuandika sauti zinazotembea pamoja) atauliza kuhusu tano zinazofuatana, ambazo walimu hukataza. Magitaa yakishuka F–C, E♭–B♭, D♭–A♭, C–G, ni tano tupu zikifuatana. Kwa maoni yangu ziache. Ndani ya distoshoni sikio linaipokea tano kama noti moja nene, si kama sauti mbili zinazojitegemea. Kinachoudhi ni pale kinanda nacho kinapoandikwa kwa tano zilezile, kwa sababu hapo sauti zote zinatembea kwa hatua moja na ule ufumaji unaoufanya muziki huu uwe wa baroki unapotea. Gitaa likishuka, sauti ya juu ya kinanda ipande au ibaki palepale.

Na ukitaka kuikwaruza hapsikodi yenyewe, zitenge sauti. Soprano, alto, tenor na besi kila moja iwe na traki yake, nakala yake ya chombo na distoshoni yake, kisha zikutane baada ya hapo. Kila distoshoni itaona noti moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna tofauti za masafa za kuzaa tope. Fyuga (kipande ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine zikiigana) ya sauti nne inaweza kuchafuliwa vikali kwa njia hii, na bado ukaifuata kila sauti kwa sikio. Kompyuta dhaifu italalamika. Geuza traki mojamoja kuwa faili ya sauti, uendelee.

Vyote vimetyuniwa, lakini havipatani

Kama kinanda chote kiko karibu nusu-toni chini, sampuli zimewekwa kwenye A ya Hz 415, kiwango ambacho makundi mengi ya vyombo vya kale hutumia leo. Irudishe 440.

Kama kodi fulani zinapatana na nyingine zinaumiza, tafuta mpangilio wa tyuni. Programu nyingi za hapsikodi hufunguka zikiwa na mpangilio wa kihistoria. Kwenye ule unaoitwa mintoni, kitufe kimoja cheusi hutyuniwa kama G♯, na hakiwezi kuwa A♭ pia. Umbali kutoka F hadi kitufe hicho ni senti 269 (senti 100 ni nusu-toni moja) badala ya 300 za gitaa. F maina yetu inategemea A♭, kwa hiyo kila kodi ya nyumbani itasikika imevunjika, wakati D maina ingepita bila shida kubwa. Mipangilio ya baadaye kidogo, kama ile aliyochapisha Andreas Werckmeister mwaka 1691, huruhusu funguo zote, lakini nayo hutofautiana na freti za gitaa kwa senti kadhaa. Magitaa yakiwepo, chagua mpangilio wa kisasa ulio sawa. Kwenye kipande kisicho na magitaa, rudisha ule wa zamani ufurahie rangi yake.

Kama ni mwanzo tu wa kila noti ya gitaa unaopanda juu kisha ukatulia, uzi ni mwembamba mno kwa C ya chini na unapigwa kwa nguvu. Weka uzi mnene zaidi, na utyuni huku ukiupiga kwa nguvu ileile utakayorekodia.

Kuna miluzi ambayo hakuna aliyeiandika

Ukipandisha noti na miluzi ikashuka, umepata chanzo: masafa yanayokunjwa. Hapsikodi ina nguvu nyingi huko juu, na distoshoni ya kidijitali huzidisha. Tuseme ndani ya noti kuna sehemu ya kilohezi 9. Distoshoni itaizalishia kilohezi 45, lakini faili ya kilohezi 44.1 haina nafasi ya kuishika, kwa hiyo inakunjwa na kuibuka kwenye Hz 900, katikati ya wimbo, isiyopatana na chochote. Washa ovasamplingi (inayofanya distoshoni ihesabu kwa kasi kubwa kuliko ya faili) kwenye plagini ya distoshoni, mara 4 au 8. Kama haina, kata hapsikodi juu ya kilohezi 6 kabla ya distoshoni, na changanya matokeo na hapsikodi safi isiyokatwa.

Kinanda cha mabomba kinameza wimbo mzima

Sampuli za kinanda cha mabomba mara nyingi zimerekodiwa ndani ya kanisa, pamoja na mwangwi wake wa sekunde tano au zaidi. Kwa mapigo 140, baa moja huchukua sekunde 1.7. Kodi ya baa ya kwanza bado inalia baa ya tatu inapomalizika. Tafuta sampuli zilizorekodiwa karibu na mabomba, kisha uweke mwangwi wako wa sekunde moja na nusu, uliokatwa chini ya Hz 300. Kama unazo zile za kanisani tu, badili uandishi: kodi ndefu, zinazobadilika kila baa mbili au nne, na rifu ifanye kazi ya kukimbia.

Zima pia rejista ya futi 16 wakati kiki (ngoma nzito ya chini) inapiga. Hiyo hulia oktava moja chini ya noti iliyobonyezwa, kwa hiyo C yetu ya Hz 65.4 inakuwa Hz 32.7 na kuigeuza kiki kuwa mngurumo. Ihifadhi kwa pale ngoma zinaponyamaza.

Mapambo yanagongana na ngoma

Trili (noti mbili jirani zinazopishana kwa kasi) iliyobandikwa kwenye gridi kwa noti za moja ya thelathini na mbili, milisekunde 54 kila moja, juu ya kiki mbili zinazokimbia, hutoa mrindimo usioeleweka. Jedwali la mapambo ambalo Bach alimwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann kwenye kitabu alichokianza mwaka 1720 linaonyesha trili ikianza na noti ya juu, na noti hiyo huanguka juu ya pigo lenyewe. Ile noti ya juu isiyopatana ndiyo inayotakiwa kukutana na kiki. Iache idumu kidogo, kisha trili iongeze kasi nje ya gridi, na kiki ipumzike mpaka trili itulie.

Kwenye simu rifu haipo na hapsikodi inachoma masikio

Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200, na wasikilizaji wetu wengi wako huko. Ongeza distoshoni kwenye besi ili ijenge sauti kati ya Hz 300 na 1,000, kisha punguza hapsikodi kidogo kati ya kilohezi 2.5 na 4, ambako sikio ni kali kuliko kwingine.

Kila kitu ni safi, lakini zinasikika nyimbo mbili zilizobandikwa

Hii ni ngumu kuliko zote, na hutokea kwa watu wenye ujuzi. Hapsikodi inapiga kipande chake, magitaa yanaingia na chao, hapsikodi inarudi. Hakuna kosa la kiufundi, na hakuna wimbo.

Kiungo kipo, nacho kimo ndani ya muziki wote wawili. Chakona na pasakalia, aina mbili za vipande vya baroki, hujengwa juu ya besi fupi, mara nyingi ya baa nne au nane, inayorudiwa mwanzo hadi mwisho huku vya juu vikibadilika. Metali ya viwandani nayo hujengwa juu ya lupu isiyochoka. Usipeane zamu basi. Mpe mashine mshuko wetu wa F, E♭, D♭, C, usibadilike dakika nne nzima, na ukuaji wote wa wimbo utoke kwenye kinanda. Mzunguko wa kwanza, noti moja kwa kila pigo. Wa pili, mbili. Kisha tatu, kisha nne, na hapo ndipo vidole na kiki vinapofika kwenye kasi moja bila mtu kulazimisha. Mzunguko mmoja uache besi peke yake. Mwingine, besi ihamie kwenye mkono wa kushoto wa kinanda na magitaa yanyamaze, ili msikilizaji ajue kwamba muda wote ulikuwa mstari uleule. Jaribu pia baa za mapigo matatu, ambazo pasakalia huzipenda. Mashine ya ngoma haijali, na rifu inapata mwendo mwingine kabisa.

Kabla hujarudi kwenye miksi, fanya jaribio hili. Zima ngoma, zima distoshoni zote, ipe besi sauti ya kawaida kabisa, na usikilize besi na hapsikodi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale unapochoka, pana noti za kuandikwa upya. Zikikaa sawa, rudisha uchafu sauti moja baada ya nyingine, ukianzia besi, na usimame kwenye ile ya kwanza inayokufanya usisikie tena E♮ ikirudi F.